Betri Moja, Walaji Watatu

Hapa kwetu Mwanga, Kigoma, maji hutoka usiku, na mama mwenye nyumba amechoka kuamka kuchungulia tangi. "Mwanangu, wewe si fundi redio? Nitengenezee kitu kinitumie meseji likijaa." Nikakubali kabla sijapiga hesabu.

Betri nilikuwa nayo, ya volti 12, niliyoinunua Kibirizi kwa mvuvi aliyekuwa akiwashia taa za dagaa. Shida ni hao wa kuilia. Kipima umbali HC-SR04, kile chenye macho mawili, cha kuangalia maji yamefika wapi, kinataka volti 5. ESP32, ambayo ndiyo ubongo, inatumia 3.3. Moduli ya laini ya simu, ile ya kutuma meseji, SIM800L, ina deko lake: kati ya 3.4 na 4.4, basi.

SIM800L ya kwanza niliiunguza kwa haraka zangu. Vibao vya kushushia umeme vya LM2596 vina skrubu ndogo ya rangi ya shaba. Unaweza kuizungusha mara kumi mita ya kupimia volti isisogee, kisha ghafla volti zikaanza kushuka. Mimi nilizungusha kidogo, nikachomeka. Bado ilikuwa karibu na 12! Moshi haukutoka, ilitoka ile harufu tu. Mafundi mnaijua.

Ya pili nilitega 4.0 kwanza. Ikawaka, ikatafuta mtandao, ikazima. Ikawaka, ikazima. Jibu likatoka kwenye redio yangu mezani. Ile trrr-trrr ya spika simu ikikaribia kuita? Simu za GSM (mtandao wa 2G, ndio wa SIM800L) hazirushi mawimbi mfululizo, hurusha kwa mafungu, kama mara 217 kwa sekunde mtu akiwa anaongea, na kwa kila fungu SIM800L inaweza kuvuta hadi ampia 2. Vijiwaya vyangu vyembamba vilikuwa vikipoteza volti njiani, na mita, kwa uzito wake wa kusoma, ikaendelea kunionyesha 4.0. Nikalehemu waya mnene, mfupi, na kapasita (kiakiba kidogo cha umeme) ya mikrofaradi 1000 miguuni pa moduli. Ikatulia.

Mguu wa mwangwi wa kile kipima unatoa volti 5, ambazo ESP32 haizivumilii. Rezista (vipunguza umeme) mbili, ya kiloomu 1 na ya 2, zikazishusha hadi 3.3. Waya hasi zote nikaziunga pamoja (kuisahau hii kulinila saa mbili, tuyaache).

Juzi saa nane usiku simu ikalia kichwani pangu: TANGI LIMEJAA. Namba ya mama sikuwa nimeiweka, nilikuwa nimeacha yangu ya majaribio.