Kumbukumbu ya maabara yangu ya mtandao: VirtualBox, ESXi na Proxmox

Wiki ya 1

Kazi yangu ni kufunga mitandao ya ofisi ndogo ndogo hapa Dar: ruta moja, swichi mbili tatu, VLAN (mtandao uliotengwa ndani ya mtandao mmoja) ya wafanyakazi na VLAN ya wageni. Miaka yote hii, jambo jipya nimekuwa nikilijaribia kwenye mtandao wa mteja, usiku, watu wakishaondoka. Mara moja nilikosea, asubuhi ofisi nzima ikakaa bila intaneti hadi saa nne. Sitaki tena. Nataka mahali pangu pa kuharibu na kutengeneza.

Nimenunua kompyuta ndogo iliyotumika, HP EliteDesk yenye i5-6500T (kori nne), RAM ya GB 16 na SSD ya GB 256. Poti yake ya mtandao ni moja tu, ya Intel, kwa hiyo nimeongeza adapta ya USB yenye chipu ya Realtek RTL8153. Poti hiyo ya pili nataka iende kwenye ruta yangu ya MikroTik hEX, ili ruta za kwenye mashine pepe (kompyuta zinazoigizwa na programu ndani ya kompyuta halisi) ziongee na ruta ya kweli.

Watu wakilinganisha majukwaa ya mashine pepe huzungumzia zaidi kasi ya prosesa na diski. Kwa maabara ya mtandao hilo si la kwanza. Ninachotaka kujua ni swichi pepe ya kila jukwaa inafanya nini na fremu zangu (vifurushi vya data vinavyopita kwenye kebo): ipi inazipitisha kama zilivyo, na ipi inazimeza kimya kimya.

Wiki ya 2: VirtualBox

Nimeanza nayo kwa sababu nilikuwa nayo tayari kwenye laptopu. Kuunganisha ruta mbili kwa mtandao wa ndani ni dakika tano, na kwa anayejifunza OSPF (itifaki ya ruta kupeana njia) kwa mara ya kwanza inatosha kabisa.

Shida ilianza nilipotaka mashine pepe moja iwe swichi. Ping kutoka upande mmoja haikufika upande wa pili. Nilikesha nikikagua VLAN, kumbe VLAN hazikuwa na kosa. VirtualBox kwa kawaida hufunga hali ya kadi ya mtandao kusikiliza fremu zisizo zake, na swichi haiwezi kuishi bila kusikiliza fremu za wengine. Ukibadilisha kutoka kukataa kwenda kuruhusu zote, mambo yanakaa sawa. Tena dirishani unapata kadi nne tu kwa kila mashine. Ukitaka nane lazima uende kwenye mstari wa amri, kwa VBoxManage.

Wiki ya 3: ESXi

Hii nimeipitia haraka. Toleo la bure liliondolewa Februari 2024, baada ya Broadcom kuinunua VMware, kisha likarudi Aprili 2025. Swichi yake pepe ni safi na VLAN zake zinaeleweka: ukiipa kundi la poti namba 4095, tagi zote (alama za VLAN kwenye fremu) zinapita hadi ndani ya mashine pepe. Nayo ina ulinzi wake wa kuzuia kadi kusikiliza fremu za wengine na kuzuia anwani za MAC (namba za utambulisho za kadi) za kughushi. Unaulegeza kwa makusudi, kwa kundi lile tu unalolihitaji.

Kilichonirudisha ni ile adapta ya USB. Madereva (programu za kuendesha vifaa) ya Linux hayatumiki tena tangu ESXi 7, na kadi za USB zinahitaji dereva wa kuongezwa pembeni. Anayesomea kazi ya kuhudumia seva za VMware, hii ndiyo yake na asisite. Mimi nasomea fremu.

Wiki ya 4 na ya 5: Proxmox

Chini yake ni Debian (aina ya Linux), KVM inayoendesha mashine pepe, na kontena za LXC (mazingira mepesi yaliyotengwa). Adapta ya Realtek ilionekana mara tu nilipoichomeka. Ukurasa wa kuiendesha unafunguka kwenye poti 8006, na swichi zake pepe ni daraja la kawaida la Linux: unaweka tiki ya VLAN na tagi zinapita. Kwa siku tatu nilikuwa na furaha tupu.

Ndipo nikawasha LLDP (itifaki ya vifaa jirani kujitambulisha) kwenye VyOS mbili (ruta za programu). Nikaandika `show lldp neighbors`. Jedwali tupu. Nikafungua tcpdump (programu ya kuona fremu zinazopita) pande zote mbili: huku fremu inatoka kila baada ya sekunde thelathini, kule hakuna kitu. Kilichonichanganya zaidi ni kwamba STP (itifaki ya kuzuia mizunguko kati ya swichi) ilikuwa inapita vizuri kwenye daraja hilohilo.

Kumbe iko hivi. Anwani za 01:80:c2:00:00:00 hadi 0f zimetengwa kwa mazungumzo ya jirani na jirani, na daraja linalofuata kanuni halizivushi. Fremu za STP daraja la Linux huziachia pale STP yake lenyewe ikiwa imezimwa, na Proxmox huizima. Anwani ya LLDP inaishia na 0e, yaani 14, kwa hiyo unawasha biti ya 14, ambayo ni 16384:

`echo 16384 > /sys/class/net/vmbr1/bridge/group_fwd_mask`

Nikabonyeza Enter, nikasubiri nusu dakika, majirani wote wawili wakatokea. Nilisimama kwenye kiti. Amri hiyo sasa iko kwenye /etc/network/interfaces kama post-up (amri inayoendeshwa daraja likiwaka), isipotee umeme ukikatika.

LACP (itifaki ya kuunganisha kebo kadhaa ziwe kiungo kimoja, yaani bondi) ni ngumu zaidi. Yenyewe inaishia na 02, na biti tatu za mwanzo kerneli (kiini cha Linux) inakataa kuziwasha kwa njia hiyo. Nimeweka Open vSwitch (swichi pepe nyingine ya programu) kwa daraja la pili:

`ovs-vsctl set bridge vmbr2 other-config:forward-bpdu=true`

Hapo bondi imesimama. Nikazima kiungo kimoja, ping ikaendelea kupitia kingine. Nimejaribu pia GNS3 (programu ya kuchora na kuendesha mitandao ya majaribio) ndani ya mashine pepe: viungo vyake ni mifereji ya UDP kati ya kifaa na kifaa, hakuna daraja la kuchuja, na LLDP na LACP zinapita bila kuguswa. Kwa topolojia ya haraka naitumia hiyo.

Wiki ya 6

Nimebaki na Proxmox. Sasa hivi zinawaka VyOS mbili za GB 1 kila moja, CHR tatu (ruta pepe za MikroTik) na kontena nne za FRR (programu ya ruta) ambazo karibu hazili RAM. CHR isiyolipiwa inabana kila poti kwenye Mbps 1, kwa hiyo nafanyia majaribio ya njia tu, si ya kasi. Kontena zinatumia kerneli ya mwenyeji. Atakayetaka MPLS (njia ya kupitisha data kwa lebo) humo apakie moduli ya mpls_router kwenye Proxmox yenyewe kwanza.

Jana usiku nimechomeka kebo kutoka adapta ya USB hadi hEX. Jirani wa OSPF amefika hali ya Full (wamepeana taarifa zote), na njia za kontena zote nne zimeonekana kwenye ruta ya kweli iliyoko mezani. Wiki ijayo naingiza VLAN ya wageni ya mteja wangu wa Jumatatu, nione kama firewall niliyoiandika inafunga kweli.