Nilivyookoa faili kwenye diski kuu iliyokuwa inakufa

Dalili zilianza kwa kompyuta kuganda kila nilipofungua picha za zamani. Baadaye ukaja mlio: tk, tk, tk, kimya, halafu tena. Mlio huo haupuuzwi. Ni mkono wenye vichwa vya kusomea unaotafuta njia yake juu ya sahani inayohifadhi data, unaikosa, unarudi mwanzo na kujaribu upya.

Niliizima papo hapo. Wengi hukimbilia programu ya kurekebisha diski, na hapo mimi sikubaliani nao kabisa, kwa sababu inaisumbua diski iliyo mahututi na inaweza kubadilisha yaliyomo kabla hujayanakili. Okoa data kwanza.

Niliichomoa nikaiunganisha kwenye kompyuta nyingine yenye Linux, nikasoma taarifa za SMART, yaani kumbukumbu ambazo diski hujiwekea kuhusu afya yake. Sekta zilizohamishwa, yaani vipande vidogo vya diski vilivyoharibika na kubadilishwa na vya akiba, zilikuwa nyingi, na nyingine zenye mashaka zilikuwa zikisubiri. Makosa ya CRC, yaani ya data kuharibika njiani kati ya diski na kompyuta, yalikuwa sifuri. Hayo yangekuwa yanapanda ningeshuku waya kabla ya diski, na waya hubadilishwa mara moja.

Kazi yenyewe niliifanya kwa ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu. Uzuri wake ni kwamba inanakili kwanza panaposomeka kirahisi, ikifika pagumu inaruka, na inaandika kwenye faili la ramani imefika wapi. Nilianza na chaguo lake la -n ili isikwangue sehemu mbovu mapema. Diski ilipopata moto nilisimamisha, nikaiacha ipoe, nikaendelea palepale. Mwisho nikatumia -r3 kurudia yaliyobaki mara tatu. Faili nilizitafuta ndani ya nakala. Diski yenyewe sikuigusa tena.

Chanzo? Ilikuwa diski ya kompyuta mpakato iliyozoea kubebwa ikiwa imewashwa. Sahani huzunguka mara 5400 au 7200 kwa dakika, na kichwa huelea juu yake kwa umbali wa nanomita chache tu, kwa hiyo mtikisiko mmoja unatosha kukigusisha na sahani. Joto la muda mrefu nalo huchangia. Umeme unaopanda ghafla huunguza bodi ya saketi, na hapo mara nyingi husikii chochote, diski haizunguki kabisa. Beringi zikichakaa utasikia mvumo au mlio mkali.

Kuna wanaoshauri kuiweka diski kwenye friza. Tafadhali usifanye hivyo: ikitoka, unyevu hutanda ndani, juu ya sahani zilezile unazotaka kusoma. Kuifungua nyumbani ni hatari vilevile, maana chembe moja ya vumbi ni kubwa kuliko nafasi iliyo chini ya kichwa.

Karibu picha zote zilipatikana. Chache zina mstari wa kijivu chini, pale sekta zilipokataa. Sasa hivi nina nakala mbili, moja ikiwa nje ya nyumba, na kila mara nafungua faili kadhaa kuhakikisha kweli zinasomeka.