Kona fupi, pale mechi za wasichana zinapoamuliwa

Kombe la Dunia la mpira wa magongo kwa wasichana chini ya miaka 21 lilichezwa Potchefstroom, Afrika Kusini, Aprili 2022, baada ya korona kuliahirisha kutoka Desemba 2021. Uholanzi iliifunga Ujerumani 3-1 kwenye fainali. Ukirudia kutazama mechi za ngazi hii, usikodolee macho chenga tu. Tazama kona fupi, yaani kona ya adhabu (penalty corner).

Mpira huwekwa kwenye mstari wa nyuma wa uwanja, angalau mita 10 kutoka nguzo ya goli iliyo karibu. Walinzi ni watano tu, kipa akiwemo. Wenzao husubiri katikati ya uwanja. Mpira lazima kwanza utoke nje ya duara, eneo la kufungia lililo mbele ya goli, ndipo goli lihesabiwe. Shuti la kwanza likiwa la kupiga kwa kuzungusha gongo, lisivuke mstari wa goli juu ya sentimita 46, urefu wa ubao wa nyuma ya goli. Mpira wa kuburuta na kurusha hauna kikomo hicho, mradi usihatarishe mtu, ndiyo maana kila timu humsaka mrushaji.

Mara nyingi kosa huanzia kwa mzuiaji, mshambuliaji anayeutuliza mpira nje ya duara ili mwenzake apige: mpira ukidunda kidogo tu kwenye gongo lake, mlinzi anayechomoka golini ameshafika.