Kujazia maji tangi la matumbawe: kumbukumbu ya mradi, wiki ya 1 hadi ya 6

Mradi huu ni kifaa cha kujazia chenyewe maji yanayovukizwa. Mfumo wenyewe: tangi la lita 200 juu, sampu (tangi dogo la pili) yenye lita 60 za maji chini ndani ya kabati, jumla lita 260. Juu ya maji kuna feni mbili ndogo, kwa sababu joto la Dar, hasa kaskazi inapovuma, hupandisha maji kupita nyuzi 29 na matumbawe magumu huanza kupauka. Feni hupoza kwa kuvukiza, na hapa zinaondoa kama lita 5 kwa siku. Maji yanaondoka, chumvi inabaki. Ukiacha siku tatu bila kujazia, gramu 35 kwa lita zinafika 37.

Swali linaloulizwa kila mara hapa mjini ni hili: bahari ipo Msasani, kwa nini usijazie maji ya bahari? Piga hesabu. Lita 5 za maji ya bahari zina gramu 175 za chumvi. Kwa siku 30 umeingiza kilo 5.25 kwenye mfumo ambao wote ulikuwa na kilo 9.1. Maji ya bahari ni ya kubadilishia maji ya zamani. Ya kujazia ni maji matamu, tena yaliyochujwa.

Wiki ya 1: maji

Mashine ya RO, inayochuja maji kwa kuyasukuma kupitia utando, inadai presha kuliko wengi wanavyodhani. Simtanki iliyo kwenye mnara wa mita 4 inatoa baa 0.4 tu, na utando unataka kama baa 3.5. Bila pampu ya kuongeza presha, maji safi hutoka matone matone, na mita ya TDS (kipimo cha madini yaliyoyeyuka) husoma juu, kwa kuwa chumvi inaendelea kupenya utando vile vile huku maji yakiwa machache. Baada ya utando kuna kopo la rezini, chembe zinazonasa madini yaliyobaki. Usomaji ubaki 0. Ukianza kupanda, badilisha rezini mapema, maana silika ni miongoni mwa vitu vya kwanza kupenya, na hulisha mwani wa kahawia unaotanda kwenye kioo. Kwa kila lita safi, hutoka maji ya kutupa lita 3 hadi 4. Hayo yanakingwa kwenye ndoo, yanadekia nyumba.

Wiki ya 2: vifaa

Vyote vimepatikana Kariakoo isipokuwa mashine ya RO: bodi ya ESP32 (kompyuta ndogo inayoongoza pampu), rilei moja (swichi inayowashwa na bodi), pampu ya kuzama ya volti 12 inayokula ampea 0.4, floti mbili za sumaku (swichi za boya) zinazohimili wati 10, dayodi 1N4007 sambamba na pampu (kuzima mshtuko wa umeme pampu inapozimwa), fyuzi ya ampea 1, mpira wa silikoni wa milimita 6, na dumu la lita 20. Umeme wa volti 230 unaishia kwenye adapta, nje ya kabati na juu kuliko maji.

Dumu la lita 20 limechaguliwa kwa makusudi. Likimwagika lote kwenye sampu, chumvi inashuka kutoka 35 hadi 32.5. Matumbawe yatanywea, lakini yatapona. Pipa la lita 100 likifanya hivyo, hakuna cha kuokoa. Hakikisha pia sampu ina nafasi ya kupokea hizo lita 20 juu ya maji yanayorudi kutoka tangini umeme ukikatika.

Wiki ya 3: kuzuia maji kuingia bila kukoma

Mfumo ukishindwa kujazia, una siku nzima ya kugundua. Ukishindwa kuacha, una dakika. Kwa hiyo kazi karibu yote imeelekezwa kwenye kuacha.

Floti ya kwanza, kwenye usawa wa kawaida, inaiambia bodi ijaze. Ya pili iko sentimita 3 juu yake na imeungwa moja kwa moja kwenye waya wa pampu, nje ya programu kabisa. Rilei ikigandia au programu ikikwama, maji yenyewe yanainua floti na kukata umeme wa pampu.

Programu ina mipaka mitatu. Pampu inatoa mililita 900 kwa dakika (pima yako kwa jagi na saa, ikiwa kwenye kimo chake halisi). Kila mzunguko ni sekunde 30 tu, yaani mililita 450. Kati ya mzunguko na mzunguko, dakika 30. Kwa siku, mizunguko 18, sawa na lita 8. Ikizidi, pampu inafungwa na king'ora kinalia. Ukomo huo ndio unaokamata soksi ya kichujio iliyoziba: maji ya chumba cha pampu kubwa, inayorudisha maji tangini, yanashuka, floti inadhani maji yamevukiza, na maji matamu yanaingia bila sababu.

Dakika 10 za kusubiri baada ya umeme kurudi ni lazima. Pampu kubwa inapoanza, sampu hushuka kwa muda kabla maji hayajazunguka. Bila kusubiri, kila umeme ukikatika na kurudi unaongeza maji yasiyohitajika.

Wiki ya 4: mpira ulivuta wenyewe

Pampu ilizimwa, maji yakaendelea kutiririka. Mdomo wa mpira ulikuwa hewani juu ya sampu, ila chini ya usawa wa maji ya dumu, na hiyo inatosha mpira kuendelea kuvuta. Hapa wengi hukosea: kuinua mdomo juu ya maji ya sampu peke yake hakusaidii. Dawa ni kuuweka juu kuliko dumu likiwa limejaa, au kutoboa tundu la milimita 3 kwenye kilele cha mpira, likielekea ndani ya sampu kwa kuwa litarusha maji. Jaribu dumu likiwa limejaa, si nusu.

Wiki ya 5

Floti ya kwanza ilinata. Kwenye kijiti chake, pale maji yanapopanda na kushuka, palijengeka ukoko mweupe wa chumvi mwembamba kama ganda la yai, na boya likashikwa nao. Sasa floti zote zimo ndani ya kipande cha bomba la PVC la inchi 2 kilichotobolewa chini, ambacho pia kinazuia konokono na mapovu. Kila mwezi zinaloweshwa kwenye siki dakika 20, kisha zinasuuzwa.

Wiki ya 6

Rifraktomita (kipimo cha chumvi), iliyorekebishwa kwa maji ya kipimo ya 35, imesoma kati ya 34.8 na 35.2 siku zote saba. Mizunguko ni 10 hadi 12 kwa siku. Chokaa ya kalsiamu haidroksaidi, ambayo wengine huitia kwenye maji ya kujazia ili kuyapa matumbawe kalsiamu, haijaingizwa dumuni: maji yake ni makali, yana pH zaidi ya 12, na ajali ya kujazia ambayo leo inapunguza chumvi tu ingeua tangi zima. Itasubiri floti ya pili ijaribiwe kwa mkono kila Jumamosi, miezi miwili mfululizo.