Mwalimu mtarajiwa, kifaa kiingie darasani pale chaki isipofika

Mi nasoma diploma ya ualimu, masomo yangu ni fizikia na hesabu, BTP, yaani mazoezi ya kufundisha shuleni, inakaribia na hili suala la TEHAMA darasani linanikaa sana kichwani. Wengi wetu tukisikia TEHAMA tunawaza projekta na pawapointi, yaani unachukua notsi zile zile za ubaoni unazirusha ukutani, wanafunzi wananakili kama kawaida. Hapo hakuna kilichobadilika jamani, bora hata chaki, umeme ukikatika unaendelea na kipindi.

Chukua mada ya umeme. Muulize mwanafunzi, ukiunga balbu mbili zinazofanana kwenye mfululizo, yaani moja baada ya nyingine kwenye njia moja ya waya, ipi itawaka zaidi? Wengi watakwambia ya kwanza, kwamba inakula umeme halafu ya pili inabakiziwa. Hata mtaani watu wanaamini hivyo. Ukiwaletea betri za tochi na vibalbu viwili wataona zinawaka sawa, zote hafifu, ila kwa nini? Mkondo wenyewe hauonekani kwa macho.

Hapo ndo naipenda PhET. Ni simulesheni, yaani majaribio ya kuigiza kwenye skrini, za bure za Chuo Kikuu cha Colorado kule Marekani, mradi ulianzishwa 2002 na Carl Wieman, yule aliyeshiriki Nobeli ya fizikia 2001. Unaunga betri, waya na balbu kwa kidole tu, unaona elektroni kama vidoti vya bluu vinatembea ndani ya waya, ukiongeza balbu ya pili vidoti vyote vinapunguza mwendo kwa pamoja, huku na huku. Weka ammita, kile kipimo cha mkondo, kabla ya balbu ya kwanza, ihamishie katikati, kisha mwisho, namba ni ile ile. Mwanafunzi akishaiona hiyo, ile habari ya umeme kuliwa na balbu ya kwanza inakosa pa kusimama.

Ila usikimbilie kubonyeza! Mkufunzi wetu anasisitiza watabiri kwanza, kila mtu aandike jibu lake kwenye daftari, wabishane, ndo ufungue. Tukifundishana wenyewe chuoni naona kabisa tofauti, mtu aliyeshaandika jibu lake anaangalia ile ammita kwa hamu, asiyeandika anaangalia rangi tu.

Kuhusu intaneti, zile simulesheni za HTML5 unazipakua ukiwa na wifi, kila moja ni faili moja tu, inafunguka kwenye brauza bila bando na mnaweza kurushiana kwa Bluetooth. GeoGebra, programu ya hesabu, nayo ukishaiinstoo unachora grafu bila mtandao. Na tusisahau vishikwambi vya sensa ya 2022, vilivyogawiwa walimu baadaye, kwa hiyo shule unayopangiwa hata kama haina projekta waulize walimu kwanza kabla hujakata tamaa.

Darasa likiwa kubwa mi nitagawa vikundi, hawa wanaunga betri na waya halisi, wale wanashika kishikwambi, halafu wanabadilishana, maana simulesheni peke yake haimfundishi mtoto kuvua plastiki ya waya wala kugundua kwamba waya umelegea. Kwenye andalio la somo, sehemu ya zana, nimeandika vyote viwili, pamoja na mchoro wa ubaoni endapo chaji itaisha. Mada inayofuata ni lenzi na faili nimeshapakua, sasa natafuta mahali pa kuazima lenzi halisi, hata ya miwani ya kusomea itanifaa.