Nikamshukuru kabisa

Leo Alhamisi na lile neno bado linanipigia kelele kichwani. Nimelisikia nikipiga mswaki. Nimelisikia katikati ya kipindi cha Kidato cha Tatu, nimesimama na chaki mkononi, mpaka mtoto mmoja akauliza, "Madamu, tuandike?" Mwandike nini, wanangu. Andikeni farumi.

Niliwahi kuapa, baada ya mkasa mmoja wa mtumbwi na keki, kwamba mimi na Ziwa Nyasa tutaonana kwenye sahani ya mbasa tu. Basi Ijumaa usiku shemeji akapiga simu. Mtu mmoja wa yoti ya Nahodha kashikwa na malaria, mashindano ni kesho Matema, vyombo vitano, wote watu wa ridhaa, hakuna anayelipwa hata soda. "Njoo ukae tu, shem." Ukae tu! Ningeyasikiliza vizuri maneno hayo mawili, saa hizi ningekuwa nimelala.

Tukatoka Mbeya alfajiri na masweta yetu. Tukuyu ukungu, Kyela sweta begani, Matema unatamani uvue na ngozi. Kutoka mita 1,700 hadi chini ya 500 kabla ya chai ya saa nne, masikio yameziba kama ya mtu aliyepigwa kofi.

Nahodha ni mzee wa Tanga. Kafanya kazi kwenye meli za Itungi mpaka kustaafu, na Kiswahili chake cha majini hakina mkalimani. Safari ilikuwa kwenda kulizunguka boya upande wa Ikombe, kisha kurudi. Sasa upepo wa mwera unatoka kusini, huko huko tulikokuwa tunakwenda, na chombo cha tanga hakiwezi kuutazama upepo uso kwa uso. Kinakwenda mshazari, kinageuka, kinakwenda mshazari wa upande mwingine, kona kwa kona kama lori linalopanda Kitonga. Huko kugeuka ndiko kubisha. Nani aliniambia? Nahodha akaguta, "Tayari kubisha!" Nami kwa adabu zangu zote, "Sibishi mzee, wewe ndiye mwenye chombo." Walicheka mpaka tanga likaanza kupigapiga ovyo. Hilo halikuniuma, nilicheka pia.

Kazi yangu ilikuwa kukaa joshini, yaani upande upepo unakotokea, makalio ukingoni, mgongo nje juu ya maji, ili chombo kisilale. Tukibisha, joshi inahama, nami nahama nayo: nainama chini ya ule mti wa tanga, natambaa kwa magoti, napanda ukingo wa pili. Mara kumi na moja, nilihesabu. Magoti hadi leo yana rangi ya zambarau. Ukigeuza shingo unaona Milima ya Livingstone imejitumbukiza majini moja kwa moja bila hata kuacha pwani, na unakumbuka kwamba ziwa hili katikati lina kina cha mita kama 700, basi unageuza shingo haraka. Wakati wa kurudi upepo ulilegea, mtumbwi wa akina mama wa Kikisi waliochelewa soko ukatupita kwa makasia, umejaa vyungu vimefungwa na majani makavu. Mmoja akauliza kama tunahitaji kuvutwa.

Tukawa wa nne.

Ufukweni Nahodha alikuwa anakunja tanga, mimi nakamua kitenge. Akaniangalia, akasema, "Mwalimu, leo ulikuwa farumi nzuri." Sikio langu likasikia kitu kama faraja, au fahari, sijui. Nikapiga goti kidogo. "Ndaga fijo, Nahodha." Yaani asante sana, tena kwa Kinyakyusa! Kwa mtu wa Tanga! Na goti lenyewe lile la zambarau!

Tulipokuwa Tukuyu tunakula ndizi ndipo shemeji, huku anatafuna, akanieleza. Farumi ni mawe. Mawe au mchanga unaopakiwa chini ya jahazi lisilo na shehena ili lisipinduke. Shehena ikipatikana, farumi inatupwa.

Tangu hapo naurudia mkanda. Alitabasamu kabla ya kusema "nzuri" au baada? Wale vijana walikuwa wanasikia? Kwa nini kijana aliyeshika kamba za tanga aliambiwa, "Safi, baharia," mimi nikaambiwa jiwe? Najua mtakachoniambia, kwamba bila farumi chombo kinapinduka. Shemeji kasema. Baba Neema naye kasema, tena kwa sauti yake ile ya usharikani. Jiwe ni jiwe. Wiki hii mkuu wa shule kahamishwa ghafla na Tumaini kajifungua mapacha, mimi niko na jiwe langu.

Halafu jana jioni ukaingia ujumbe. "Mwalimu habari za kazi. Jumamosi ya wiki ijayo utapatikana? Mwera utakuwa mkali. Naomba kilo zako, napanga nani akae wapi."

Nikasoma mara tatu, nikakaa kitandani nikacheka peke yangu mpaka Neema akaja kuchungulia mlangoni. Kaniuliza kilo! Mwanamume mwingine angeuliza hivyo ningemfungia namba. Nimemjibu nitakuja. Tena nimeshaazima glavu za bustani za mama mchungaji kwa ajili ya kamba, ingawa hakuna aliyesema nitapewa kamba.

Kilo nimeandika 74. Mzani wa zahanati mwezi uliopita ulisoma 81. Mwalimu wa hesabu mimi, najua kilo saba mwishoni mwa ukingo si sawa na kilo saba katikati, na mzee wa watu sasa hivi yuko Matema anapanga mizani yake kwa tarakimu ya uongo. Nimefuta ujumbe wa kusahihisha mara mbili. Labda nipunguze wali.

Mama kapiga simu leo mchana kuuliza bei ya mbolea ya kukuzia. Nikamtajia. Saa kumi na moja kapiga tena, salamu upya zote, za watoto, za kazi, halafu akauliza bei ya mbolea. Nikamtajia ile ile, kama vile ndiyo kwanza. Akasema, "Afadhali nimekuuliza leo, nilikuwa nasahau."