Samaki kajileta mwenyewe

Leo asubuhi kwenye kivuko cha Kamanga kwenda Mwanza mjini, kifaa changu cha gemu, Switch, mkononi, namalizia kuzipa alama gemu tatu mpya.

Mbili hazikunisumbua. Ya magari nimeipa 7, maana inakwamakwama kwenye kona. Ya mafumbo nimeipa 8, ingawa maandishi yake ni sisimizi watupu kwenye kioo cha inchi 6.2.

Ya tatu ni ya uvuvi. Nilishaandika 9: maji yanameremeta, samaki akinasa unasikia mtetemo viganjani. Raha.

Mzee mmoja pembeni yangu, mvuvi, akaomba ajaribu. Nikampa. Dole gumba huku na huku, samaki mkubwa huyo juu! Akanirudishia.

"Kijana, huyu samaki kajileta mwenyewe."

Kisha akafungua kiganja chake. Kovu jeupe, limekatiza toka kidole cha shahada mpaka karibu na kifundo. Sangara alikimbia na kamba, akasema. Basi, akageuka kutazama maji.

Tumeshuka upande wa mjini nimeshaifuta ile 9. Nimeweka 6.

Au nimewaonea waliotengeneza? Wewe ungeipa ngapi?